SHINGO YA SHANGAZI NI YA NANI?

Ndugu msomaji, nataka tubishane juu ya swali moja. Je, mtu ana wajibu wa kujua kila kinachoweza kujulikana juu ya mwili wake? Nimesema wajibu, sikusema haki. Na haki sina ugomvi. Daktari akishajua jambo juu yangu halafu akanificha, huyo kaniibia, na hapo hakuna mjadala. Lakini wajibu ni kitu kingine kabisa. Wajibu maana yake ni kwamba nisipotaka kujua nina kosa, na ninyi ndugu zangu mna ruhusa ya kunikalisha kitako, kunisema, hata kunikokota mpaka hospitali.

Vijana wenzangu wa mjini nikiwauliza hivyo wananishangaa. Kwao jibu liko wazi. "Kujua ni bora kuliko kutojua, bwana, sasa hapo falsafa iko wapi?" Ndivyo alivyonijibu mshikaji mmoja kijiweni, wenzake wakagonga mikono. Mwingine akamleta Socrates, maana kijana akitaka kumaliza ubishi lazima amlete Mgiriki. Sawa, Socrates alitaka mtu ayachunguze maisha yake. Ila sijasikia popote kwamba alimtuma mtu akachunguze na tezi yake.

Nautumia mfano wa tezi kwa sababu ndio ulioninyima usingizi mwaka huu. Na pia kwa sababu kwetu tezi si mfano wa kutafuta kwa tochi. Mimi natoka Kasulu.

Kama hujafika, Kasulu na Kibondo ni nchi ya Waha, nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, jirani na Burundi. Watu wa Dar wanazijua kwa kambi za wakimbizi tu, Nyarugusu na Nduta, kana kwamba sisi wenyeji hatupo. Kuna udongo mwekundu, migomba, maharage, muhogo, na mvua ya kutosha. Mvua hiyo inatulisha, lakini kuna kitu imetunyang'anya. Kwa maelfu ya miaka imekuwa ikiuosha udongo wa milimani na kuondoka na madini joto. Mmea ukiota kwenye udongo huo hauna madini joto ya maana, ng'ombe akila mmea naye hana, na mtu akila vyote viwili naye hana. Sasa ile tezi iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo inayahitaji madini hayo ili itengeneze homoni zake. Ikiyakosa haikati tamaa. Inajitanua ili inase hata kile kidogo kinachopita. Huko kujitanua ndiko tunakoita rovu. Rovu, kwa maneno mengine, ni kiungo kilichokuwa kinajitahidi.

Muhogo nao una mkono wake. Muhogo mchungu usipolowekwa na kuanikwa sawasawa hubaki na sumu ambayo mwilini hugeuka kitu kinachoizuia tezi isinase madini joto. Watafiti waliofanya kazi tangu miaka ya 1960 katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu upande wa Kongo, walikuta kaskazini mwa kisiwa rovu zimejaa na kusini-magharibi ni chache, wakati madini joto yalikuwa haba pande zote mbili. Baadaye ndipo kidole kikaelekezwa kwenye muhogo. Mtu wa Kibondo akisoma habari hiyo hahitaji kufafanuliwa zaidi. Sahani yake anaijua.

Halafu kuna kichekesho kingine. Mkoa wetu una chumvi. Chemchemi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, zimechemshwa kutoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Misafara iliifuata chumvi hiyo, na Wajerumani nao mwanzoni mwa karne ya 20 wakajenga kiwanda pale pale. Chumvi tele, na rovu tele, nyumba jirani. Kwa sababu chumvi yenyewe haina madini joto ya kutosha mpaka mtu ayatie, hata ile ya baharini. Serikali ilianza na vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Shangazi yangu anakikumbuka kile kidonge. Anasema kilikuwa laini, kinateleza, na watoto walikuwa wanakitafuna kwa ubishi.

Nikiwa hapo niseme na hili, maana linahusu. Madini joto yalipoletwa kwa kasi katika nchi zilizoyakosa muda mrefu, baadhi ya watu wazima wenye rovu za zamani waliumwa. Tezi iliyozoea njaa ilipopewa karamu ilizidisha kazi, mioyo ikaenda mbio, watu wakakonda. Ilitokea Zimbabwe, ilitokea Kivu, yote miaka ya 1990. Je, ilikuwa makosa kutia chumvi madini? La hasha. Ubongo wa mtoto anayekosa madini joto tumboni mwa mama haurudishwi na kitu chochote baadaye. Ila lilikuwa na gharama, na wapo walioilipa ambao hawakuulizwa.

Basi. Rovu za watoto zimepungua mno. Walioachwa ni watu wa umri wa shangazi. Tezi iliyojitanua miaka thelathini haibaki laini, inatengeneza vinundu, mwisho ukiipapasa ni kama mfuko wa viazi. Kwa hiyo Kasulu ukimwambia mama wa makamo kwamba ana kinundu shingoni anakuangalia kama umemwambia ana viwiko.

Sasa nije kwa shangazi mwenyewe. Huyu ni dada wa marehemu baba, ana miaka hamsini na nane, anauza maharage na dagaa sokoni Kasulu. Sauti yake unaisikia kabla hujaiona meza yake. Mwaka jana binti yake alimshawishi wapige picha ya ultrasaundi, kwa sababu tu mashine ilikuwepo na foleni ilikuwa fupi. Shangazi hakuwa anaumwa. Anameza vizuri, anapumua vizuri, hajakonda, na kipimo cha damu cha homoni kilikuwa sawa. Picha ikaonyesha vinundu vitatu. Viwili ni vifuko vya maji, havina kesi. Cha tatu ni kigumu ndani, sentimita 2.1.

Na hapo ukoo ukawaka moto.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar, anauza vipuri Kariakoo, ni mtu wa moyo mkubwa na pesa yake haina choyo. Akaamuru shangazi apande basi mara moja aje achukuliwe kinyama. Binti wa shangazi akasema ndiyo. Mjomba akasema rovu ni rovu, kila mtu anayo, waacheni watu wafe na shingo zao. Mimi nikatumwa kwenda kwa daktari kuuliza, kwa sababu eti mimi ndiye "msomi" wa familia, kumbe wanamaanisha ndiye asiye na kazi ya kudumu.

Daktari, kijana kuliko nilivyotegemea, alinieleza kitu ambacho kimekuwa kikinizunguka kichwani tangu siku ile. Alisema kinundu hakichomwi sindano kwa sababu kipo. Kinachomwa kwa sura yake na ukubwa wake. Wataalamu wa picha wa Marekani waliweka mwaka 2017 utaratibu wa kuhesabu pointi: kinundu kigumu pointi mbili, chenye maji na nyama moja. Kikiwa cheusi kuliko tezi inayokizunguka pointi zinaongezeka. Kikiwa kirefu kwenda ndani kuliko upana wake, hizo tatu. Kingo zikichongoka, nyingine. Vichembe vya chokaa kama vumbi la chaki, nyingine tatu. Cha shangazi kilikuwa kigumu, mbili. Rangi yake sawa na tezi, moja. Mengine yote sifuri. Jumla tatu. Kwa pointi tatu, utaratibu huo unasema usichome mpaka kifike sentimita 2.5. Kikizidi 1.5 kifuatilie tu kwa picha, mwaka wa kwanza, wa tatu, wa tano.

"Basi," nikasema, "imekwisha hiyo."

"Haijaisha," akasema. "Ukifuata mwongozo wa chama cha wataalamu wa tezi, Marekani hao hao, wa mwaka 2015, kinundu cha aina hii kinachomwa kuanzia sentimita 1.5."

Msomaji, simama hapo kidogo. Shingo ni moja, kinundu ni kimoja, picha ni moja. Karatasi ya kwanza inasema subiri, ya pili inasema choma. Na wote waliokaa kuziandika ni watu waliosoma, wenye takwimu mbele yao, hakuna mjinga hata mmoja. Wametofautiana nini? Hawakutofautiana sana juu ya tezi. Uwezekano wa kinundu cha namna hiyo kuwa saratani wote wanauweka karibu na 5 kati ya 100, wengine wanafika mpaka 10. Walichotofautiana ni kwamba ni saratani ngapi ndogo uko tayari kuziacha zisionekane ili uwaepushie sindano watu wangapi wasio na kitu. Hilo si swali la darubini. Ni swali la maadili lililovaa koti jeupe. Kamati ilipochagua 2.5 ilikuwa inaamua nini kina thamani kuliko nini, na ilipochagua 1.5 vilevile. Na sijui kama kati yao yupo aliyekuwa anaiwazia shingo ya mama muuza dagaa wa Kasulu.

Nikamrudia kaka kwa simu. Kaka akasema kama karatasi mbili zinagombana, fuata ile inayotaka kujua zaidi. "Ukichoma ukakuta si kitu, umepoteza nini?"

Ni hoja nzuri, wala sitaki kuidharau. Na sindano yenyewe si ya kutisha. Ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu, dakika chache mtu ameinuka. Kama mambo yangeishia kwenye sindano ningekuwa upande wa kaka. Lakini sindano haiishii kwenye sindano. Inanyonya chembe, chembe zinapakwa kwenye kioo, kioo kinasafiri hadi kwa mtu anayejua kuzisoma, na watu hao si wengi. Sisi wa Kigoma mara nyingi tukisema "rufaa" tunamaanisha Bugando, Mwanza, au Muhimbili. Majibu nayo hayaji mawili, ndiyo na siyo. Kwa utaratibu unaotumika sehemu nyingi duniani yapo mafungu sita, na katikati yake kuna mafungu ambayo Kiswahili chake safi ni "hatujui."

Na kwetu hiyo "hatujui" ina uzito wa pekee. Nchi zilizokosa madini joto huwa na sehemu kubwa zaidi ya ile saratani ya tezi inayoitwa ya folikula. Saratani hiyo na uvimbe usio na madhara wa jina hilo hilo, chembe zao ukizitazama peke yake zinafanana. Tofauti iko kwenye kama zimetoboa ganda la kinundu au kuingia kwenye mishipa ya damu, na hilo huwezi kuliona kwenye tone la sindano. Lazima nusu ya tezi ikatwe ndipo itazamwe. Kwa hiyo umeuliza swali kwa sindano, ukajibiwa: uliza tena kwa kisu.

Kisu nacho kina mambo yake. Nyuma ya tezi unapita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Pembeni zimejibanza tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele, zinazolinda chokaa ya damu. Vikiguswa vibaya mtu anabaki na sauti ya kukwaruza au viganja vya kukakamaa. Na tezi ikitolewa yote, ni kidonge cha homoni kila asubuhi mpaka kaburini. Si kidonge cha bei ya kutisha, lakini cha kila siku, na duka la dawa likiishiwa huwezi kusema nitakunywa mwezi ujao. Mtu ambaye biashara yake ni kupiga kelele sokoni, ukimwambia habari ya mshipa wa sauti unamwambia habari ya chakula.

"Umepoteza nini?" Kaka, kuna nchi nzima iliyouliza swali hilo ikajibiwa. Korea Kusini ilianza mpango wa kupima saratani mbalimbali mwaka 1999. Tezi haikuwemo, lakini hospitali ziliiuza kama nyongeza ya bei nafuu, na watu wazima wenye afya wakawa wanapita kwenye ultrasaundi kama unavyopita kunyoa. Ilipofika 2011 kiwango cha saratani ya tezi kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993. Zaidi ya watu 40,000 walitangaziwa mwaka ule kwamba wana saratani. Wanaokufa kwa ugonjwa huo kwa mwaka? Kati ya 300 na 400, kama zamani, hawakuongezeka wala kupungua. Theluthi mbili hivi ya waliogundulika waliondolewa tezi yote. Madaktari wa huko huko wakapiga kelele mwaka 2014, na idadi ya upasuaji ikashuka.

Kumbe saratani zile ndogo zilikuwepo siku zote. Mwaka 1985 watafiti wa Finland walizipasua tezi za maiti 101 za watu waliokufa kwa mambo mengine, wakakuta zaidi ya theluthi moja wana saratani ndogo ya tezi ambayo haikuwahi kuwaambia kitu. Kule Japani, katika Hospitali ya Kuma mjini Kobe, tangu 1993 wamekuwa wakiwaacha baadhi ya wenye saratani ndogo kabisa bila kuwapasua, wakiwaangalia tu kwa picha. Baada ya miaka kumi vilivyokua kwa milimita 3 au zaidi vilikuwa takriban 8 kati ya 100.

Kwa hiyo kuna kujua ambako kunamgeuza mtu mzima kuwa mgonjwa na hakumwongezei siku hata moja. Nilipofika hapa katika kufikiri kwangu nilifurahi, nikaona nimempata kaka. Nilikuwa nimekwisha kuandaa ujumbe mrefu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Lakini kuna mwalimu wa Kibondo.

Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu, rafiki wa baba. Sitamtaja. Alikuwa na uvimbe upande wa kulia wa shingo, na kwa kuwa kila mtu anajua rovu, kila mtu alijua kwamba ni rovu. Ilikua haraka, kwa miezi, si kwa miaka. Ilikuwa ngumu kama jiwe na haikusogea alipomeza. Sauti ikaanza kukwama. Mwanamume wa zaidi ya miaka sitini, kinundu kinachokua mbio, sauti inabadilika, mtoki shingoni: hizo zote, yule daktari kijana aliniambia, ni kengele, na zikilia hakuna habari ya pointi wala kusubiri mwaka, mtu anachomwa sindano wiki hiyo hiyo. Mwalimu alipopelekwa hatimaye alikuwa hawezi kumeza uji. Alizikwa kabla ya mvua za vuli.

Sasa yule mwalimu naye "hakuchunguzwa". Je, nimweke kwenye hoja yangu nzuri ya Korea? Nikisema mbele ya watoto wake kwamba kutojua ni hekima, watanitazamaje? Na kuna jambo linaloniudhi zaidi. Hoja ya kwamba vipimo vingi vina madhara ni hoja ya kweli, lakini ikishuka kwetu inakuwa tamu mno kwa wenye mamlaka. Mashine hakuna, msoma vioo hakuna, halafu tunaambiwa tusihuzunike, kupima sana nako si kuzuri. Hapana bwana. Mkorea aliyeacha kupima mwaka 2015 aliacha mlango ukiwa wazi. Mwalimu wetu mlango haukuwepo. Vitendo hivyo viwili kwa nje vinafanana, wote hawakuchomwa sindano, lakini kimaadili havina undugu hata wa mbali.

Nadhani kinachovitofautisha ni kama kuna mtu aliyekaa akapima. Kusubiri kwa shangazi, kama atasubiri, kuna tarehe, kuna kipimo, kuna orodha ya kengele za kusikiliza. Kusubiri kwa mwalimu kulikuwa ni neno moja tu, "rovu", lililotumika kufunga mazungumzo. Kwa hiyo swali langu la mwanzo nalirekebisha hivi: sidhani kama mtu ana wajibu wa kujua kila kitu. Nadhani ana wajibu wa kujua kwanza jibu litamfanya atende nini. Akilijua hilo, anaweza kukataa kujua mengine na asiwe mwoga. Kabla ya kuchomwa sindano jiulize: ikisema ndiyo nitafanya nini, ikisema hapana nitafanya nini, ikisema haijui nitafanya nini. Kama majibu yote matatu ni yale yale, sindano hiyo ni ya nani?

Najua kuna tundu hapa. Atatokea mtu aseme: mimi nataka kujua hata kama sitafanya chochote, kwa sababu sipendi kuishi na kivuli. Sina jibu la kumshinda mtu huyo. Wapo watu ambao utulivu wao ndio afya yao, na wengine neno "labda" linawala usiku kuliko saratani yenyewe. Kaka ni mmoja wao. Ila ona, aliyekuwa hapati usingizi ni kaka, na shingo iliyotakiwa kuchomwa ni ya shangazi.

Nilisafiri Kasulu mwezi wa saba, msimu wa kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, umekuja kunisomea shingo?" Alikuwa anajua kila kitu. Sisi wote tuliopigiana simu miezi mitatu, hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tulikuwa tunamhurumia tu.

"Mnaizungumza shingo yangu kama kiwanja," akasema. "Huyu anataka kuuza, huyu anataka kujenga. Hati mnayo?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza pointi tatu, karatasi mbili zinazogombana, 5 mpaka 10 kati ya 100, mshipa wa sauti, kidonge cha kila siku, Wakorea, na mwalimu pia, kwa sababu kumficha mwalimu kungekuwa ni kumchagulia. Alisikiliza huku anapepeta maharage, kama vile habari ni ya jirani. Kisha akauliza mambo ambayo kwenye simu zetu zote hayakutokea. Kama ni kile kibaya, mwaka mmoja wa kungoja utakifanya kikimbie? Nikamwambia alivyosema daktari: vya sura hiyo mara nyingi huenda polepole, ila hakuna anayeweza kukuapia. Nitakabwa usiku? Kwa ukubwa huu, hapana. Na nikikatwa, huyo kaka yako wa Dar atanunua vidonge mpaka lini? Hilo sikulijibu.

Halafu akanigeuzia. "Wewe ungefanyaje?"

"Ningesubiri, shangazi."

"Kwa shingo yako au kwa yangu?"

Nikanyamaza. Kwa kweli kwangu ingekuwa rahisi kusubiri, mimi nina mashine hatua chache kutoka ninapolala, naweza kubadili mawazo Jumanne nikapimwa Jumatano. Yeye akibadili mawazo ni nauli ya watu wawili, malazi kwa ndugu, na meza ya sokoni kufungwa wiki mbili, wakati wateja wanahamia meza ya jirani. Kusubiri kwake na kusubiri kwangu si bidhaa moja.

Aliamua mwenyewe, na sitasema kwamba aliamua vizuri, maana hilo hakuna anayelijua bado. Atapiga picha tena mwakani, baada ya kuvuna maharage. Daktari alimwambia kukua kunakohesabika ni kuongezeka kwa sehemu ya tano katika vipimo viwili, na si chini ya milimita 2, kwa sababu wapimaji wawili wanaweza kutofautiana kidogo hata kwenye kinundu kisichokua. Kikifika 2.5, atachomwa. Sauti ikikwaruza bila mafua, ataondoka siku hiyo hiyo, hata kama ni msimu. Alimtaka binti yake ayaandike yote hayo kwenye daftari la madeni, ukurasa wa mwisho.

Kaka hajakubali. Anaona tumemtelekeza shangazi kwa kumheshimu mno, na kuna usiku namwelewa. Kila mwezi anatuma kiasi fulani na kuandika "ya sindano." Shangazi anazipokea, anaziweka, hazigusi, wala hamwambii kwamba ni nyingi au kidogo. Juu ya hapo ana uzi. Amejifunga shingoni siku moja akatia fundo mahali unapokutana, na kila Jumapili baada ya kuoga anaujaribu tena. Nilimwambia uzi unapima shingo nzima, haupimi kinundu, hata daktari angesema hivyo. Akasema anajua.

"Sasa unaupimia nini?"

"Nilikuwa na uzi," akasema, na akaukunja, akaurudisha kwenye kopo la vifungo.